Maswali ya Wasomaji: Nani Karuhusu Jina la Mwanangu Lianikwe?

Toleo lililopita tuligusia kidogo tu habari ya taarifa za wanafunzi, zinavyotunzwa shuleni na maofisini, na barua zikamiminika kutoka Newala, Masasi, Kilwa, Nachingwea, Mtwara mjini na Lindi. Tumechagua chache. Majina ya walioandika na ya shule hatuyatoi.

Shikamoo dada. Mimi ni mama niko huku Newala. Shuleni kwa mwanangu wa darasa la sita kuna grupu la wasap la wazazi. Juzi mwalimu kapiga picha karatasi ya matokeo kaituma, majina yote wa kwanza mpaka wa mwisho, mwanangu yuko chini kabisa. Hazijapita siku nyingi ikaja orodha ya wasiotoa mchango wa chakula, jina la mtoto na pesa anayodaiwa. Mtoto wa jirani kaiona kwenye simu ya mama yake, sasa mwanangu darasani wanamwita Deni na asubuhi anagoma kwenda. Nilipomuuliza mwalimu kasema lile ni grupu la wazazi, hakuna mgeni mle. Je ana haki? Hela yetu sisi ni korosho zikiuzwa, na hilo wanalijua.

Marhaba mama yangu. Pole, na mtoto mpe pole yake.

Hilo neno kwamba mle hakuna mgeni ndo penye tatizo lenyewe. Matokeo ya mwanao yanamhusu yeye, wewe na walimu wake basi, mzazi mwenzio hata kama mmepanga nyumba moja hayamhusu, na picha ikishaingia kwenye grupu la watu mia huwezi tena kujua imefika wapi, huyu kamrushia mumewe yuko Dar, yule simu anachezea mtoto, na ndo hivyo imemfikia mwanao darasani.

Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ilipitishwa 2022 ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya kuisimamia ilizinduliwa na Rais Samia Aprili 2024. Wengi wanadhani ni mambo ya mabenki na kampuni za simu. Hapana, inamgusa yeyote anayekusanya taarifa za watu, awe wa serikali au binafsi, na shule inakusanya kuanzia siku ile unayoenda kumwandikisha mtoto, jina lake, lini kazaliwa, dini, kama ana ulemavu, namba yako, kazi yako, nani anaishi naye. Na kuna kitu walimu wengi nadhani hawajawahi kuambiwa, sheria hiyo imezitaja taarifa zinazohusu watoto waziwazi kwenye kundi la taarifa nyeti, sehemu moja na alama za vidole na miamala ya pesa. Halafu inasema taarifa ikichukuliwa kwa kazi fulani itumike kwa kazi hiyo. Shule ilichukua jina la mwanao ili imfundishe na kumpima, haikulichukua ili wenzake wamtungie jina la utani.

Hata Baraza la Mitihani lenyewe Januari 2023, lilipotoa matokeo ya kidato cha nne ya 2022, liliacha ule utaratibu wa kutangaza wanafunzi bora na shule bora kitaifa. Na ukifungua matokeo ya kidato cha nne kwenye tovuti yao unakuta namba ya mtahiniwa, jinsi, masomo na daraja, jina hakuna. Sasa kama mtihani wa taifa unatolewa hivyo, jaribio la darasa la sita Newala linahitaji jina la wa mwisho lionekane kwa watu mia kwa faida ya nani?

Orodha ya michango ndo imeniuma zaidi. Mtoto hadaiwi na mtu, anayezungumza na shule kuhusu mchango ni mzazi, na mazungumzo hayo yana mahali pake. Kumwandika mtoto jina na deni ni kumtuma yeye akudai wewe, tena mbele ya kadamnasi.

Namuelewa pia mwalimu, simfanyi adui. Darasa lina watoto wengi, karatasi ya kumprintia kila mzazi hakuna, wasap ni bando lake mwenyewe, anaona kapunguza kazi. Kwa hiyo usiende kwa shari. Nenda kwa mwalimu mkuu, ukipata mzazi mwingine mmoja wa kukusindikiza ni vizuri, omba picha zile zifutwe na wazazi waombwe wazifute kwenye simu zao, na kuanzia sasa matokeo kila mzazi atumiwe ya kwake peke yake au ayachukue siku ya kikao, na michango ibaki kwenye daftari la mtunza hazina. Likikwama lipeleke kamati ya shule na kwa afisa elimu kata, halafu halmashauri, na likishindikana huko Tume inapokea malalamiko. Ila mimi naamini litaishia kwa mwalimu mkuu, wengi wakielezwa wanaelewa.

Na huko darasani, muombe mwalimu wa darasa alikomeshe hilo jina la Deni wiki hii hii, hilo halihitaji kikao.

Habari dada, mimi ni bodaboda wa Masasi, mwanangu yuko kidato cha pili bweni. Nikiwa kijiweni nikapigiwa simu, jamaa anataja jina la mwanangu majina yote matatu, shule, kidato, anasema kaanguka bwenini yuko hospitali anatakiwa operesheni haraka, nitume laki na nusu. Nilikuwa na elfu themanini nikatuma yote. Nampigia matroni, mtoto yuko darasani mzima. Hela basi tena, ila nataka kujua walipata wapi jina la mwanangu na namba yangu?

Kaka yangu pole. Utapeli huo unazunguka nchi nzima na unawapata wazazi kwa sababu ni wazazi, mtu akisikia mtoto yuko mahututi hana muda wa kuchunguza.

Wa kwako walipita wapi siwezi kujua, lakini njia zenyewe zipo nyingi. Orodha za waliochaguliwa kidato cha kwanza zinatoka TAMISEMI mtandaoni na majina na shule, ili kila mzazi ajue mtoto kapangiwa wapi, na zikishatoka zinazungushwa kwenye magrupu kila kona, kwa hiyo jina na shule vinapatikana bila jasho. Kinachobaki ni namba ya mzazi, na hiyo haipo kwenye orodha ya TAMISEMI, hiyo inatoka karibu zaidi na nyumbani. Nenda siku moja steshenari yoyote hapo mjini ukasubiri fotokopi, tupia jicho kwenye skrini ya kompyuta, utaona mafolda yamepangana yana majina ya shule, ndani kuna orodha za wanafunzi na namba za wazazi, mwalimu alileta kwenye flashi vikaprintiwa akaondoka, faili likabaki humo mwaka mzima na kila anayekaa kwenye kile kiti anaweza kulifungua. Kuna na fomu za kujiunga zikiharibika zinatupwa nzima nzima bila kuchanwa, na ile orodha ya wageni siku ya kutembelea watoto inakaa getini kila mtu anaisoma anapojiandika.

Shule inayo kila sababu ya kuwa na namba yako. Ila sheria inaidai iitunze isivuje, na anayefichua taarifa za mtu kinyume cha sheria hiyo anaweza kukutana na faini ya mpaka milioni 20 au kifungo cha mpaka miaka 10. Kwa hiyo waambie shule yaliyokupata, kwa maandishi, ili nao wajue kuna mahali panavuja na wawatahadharishe wazazi wengine kabla nao hawajapigiwa.

Ile namba iliyokupigia iripoti kwa mtandao wako, na meseji za utapeli zina namba yake ya kuripoti, 15040, kisha nenda polisi na ule ujumbe wa muamala usiufute. Halafu wewe na mama yake mkubaliane na shule kuwa dharura yoyote itatoka kwenye namba moja mnayoijua, ya matroni au ya mkuu wa shule, simu nyingine yoyote ikikwambia tuma hela unakata unapiga hiyo namba kwanza.

Mimi ni mwalimu wa sekondari Kilwa. Kuna shirika limekuja na mradi wa wasichana, lina barua ya utambulisho kutoka halmashauri. Wanataka orodha ya wasichana waliorudi shule baada ya kujifungua, majina, kijiji, namba za wazazi na picha za kuweka kwenye ripoti. Mkuu wa shule kaniambia niiandae kwenye ekseli nitume wasap leo leo. Roho inasita. Nikikataa nitaonekana najifanya mjuaji.

Mwalimu wangu, roho yako inasita kwa sababu unawajua hao mabinti.

Barua ya utambulisho inasema hawa ni watu fulani na halmashauri inawatambua. Basi. Haisemi wapewe chochote watakachoomba. Na hii unayoombwa ni taarifa nzito kuliko zote shuleni kwenu, ni nyeti kwa sababu ni ya watoto na ni nyeti tena kwa sababu ni ya afya na maisha ya uzazi. Serikali ilifungua mlango Novemba 2021 wasichana waliojifungua warudi masomoni, na wengi waliorudi walirudi kwa kujikaza sana, maneno ya mtaani unayajua mwenyewe. Ukiandika jina na kijiji, kule kwetu Kilwa kijiji chenyewe watu wanajuana mpaka babu, umeshamaliza kila kitu hata picha haihitajiki.

Utasema hawa ni watu wazuri, mradi ni wa kusaidia. Inawezekana kabisa. Ngoja nikupe habari ya Uingereza uone kitu kizuri kinavyopotea njia. Wizara yao ya elimu ina kanzidata ya rekodi za masomo za wanafunzi, watoto na vijana mpaka milioni 28, taasisi za mafunzo zinaruhusiwa kuingia kuangalia rekodi za wanafunzi wao. Kampuni moja ikapata ruhusa ya kuingia kama taasisi ya mafunzo, kumbe mafunzo yenyewe haitoi, kazi yake ni kuhakiki umri wa watu, na kuanzia Septemba 2018 mpaka Januari 2020 rekodi za wanafunzi zikawa zinatumika kuangalia kama anayefungua akaunti ya kamari kafikisha miaka 18. Kamari! Mamlaka yao ya ulinzi wa taarifa ilitoa onyo rasmi kwa wizara Novemba 2022, ikasema isingekuwa taasisi ya umma faini ingezidi pauni milioni 10. Wizara haikudukuliwa na mtu, ilitoa ufunguo yenyewe kwa aliyekuja na karatasi inayoonekana safi, na haikurudi kumuangalia anafanya nini humo ndani. Baadaye ikapitia wote waliokuwa na ruhusa, taasisi kama 12,600, ikaziondoa 2,600.

Kwa hiyo usikatae, jibu. Mwandikie mkuu wako kwa heshima kitu kama hiki: Mkuu, tunaweza kulipatia shirika idadi ya wasichana waliorudi kwa kila kidato bila majina, na kama wana msaada wa kuwapa watuambie ni upi, mwalimu wa malezi atawaeleza wahusika faragha, anayetaka atakuja mwenyewe na mzazi wake atasaini. Picha tunaomba wasipige za hawa. Hapo umempa mkuu njia ya kutoka, na yeye ana kitu cha kuwaambia wageni.

Ridhaa yenyewe iwe ya maandishi, mzazi au mlezi asaini, na binti aulizwe kwanza kabla ya mzazi kwa sababu sura ni yake. Waambiwe na kwamba wanaweza kuiondoa ridhaa siku yoyote bila kudaiwa maelezo. Na kwenye wasap usitume chochote, hata hizo idadi zipeleke kwa karatasi.

Kama shirika ni la kweli litaelewa haraka kuliko unavyofikiri. Likianza kung'ang'ania majina, hapo jiulize vizuri, na mkuu wako naye ajiulize.

Asalaam aleikum. Nalea mjukuu hapa Nachingwea, yuko darasa la sita. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Hamisi, shuleni kwenye mtandao wao kaandikwa Khamis na ukoo umekosewa herufi. Mwalimu anasema haina shida mama, ni yule yule. Kweli haina shida?

Waaleikum salaam bibi yangu. Ina shida, na ushukuru umeiona mtoto akiwa la sita.

Mtoto akiandikishwa darasa la kwanza anaingizwa kwenye mfumo wa Baraza la Mitihani unaoitwa PREM, anapewa namba yake, na jina lililomo humo ndilo linalomfuata kwenye uhamisho na kwenye mtihani wa darasa la saba, na akiendelea linamfuata mpaka kwenye vyeti, na kwenye vyeti ndo anaombea mkopo wa chuo, ajira na kitambulisho cha taifa. Huko mbele herufi moja inamrudisha mtu kutoka Dodoma mpaka kijijini kutafuta viapo. Kurekebisha sasa ni mwalimu kukaa na kompyuta, kurekebisha cheti kikishatoka ni mahangaiko ya miaka.

Sheria niliyoitaja juu inataka taarifa ziwe sahihi na inampa mwenye taarifa haki ya kudai zirekebishwe, kwa hiyo huombi hisani. Chukua cheti cha kuzaliwa halisi na kopi yake, nenda kwa mwalimu mkuu, na usiondoke mpaka uonyeshwe kwenye skrini jina limekaa sawa au uambiwe tarehe ya kurudi kuliangalia. Kisha liangalie tena akiingia la saba wakati wa usajili wa mtihani, herufi kwa herufi, na mtoto mwenyewe awepo kwa sababu jina lake analijua kuliko wote.

Shule binafsi ya mwanangu hapa Mtwara mjini inataka watoto wote wawekwe alama za vidole kwenye mashine ya mahudhurio. Naweza kukataa?

Unaweza kuuliza na unaweza kukataa. Alama za vidole ni taarifa nyeti, na kidole hakibadilishwi kama neno la siri likivuja. Waulize kwa maandishi zinakaa wapi, fundi wa mashine anaziona au hazioni, mtoto akihama zinafutwa lini, wamejisajili Tume kama wakusanyaji wa taarifa au bado. Sweden kuna halmashauri inaitwa Skellefteå, sekondari yao moja ilijaribu kuwatambua wanafunzi 22 kwa kamera ya sura ili kuchukua mahudhurio tu, wazazi walisaini kabisa, na bado 2019 walipigwa faini ya krona 200,000, mamlaka ikasema ridhaa ya mtu anayeitegemea shule siyo ridhaa huru na mahudhurio yanaweza kuchukuliwa kwa njia nyingine. Ile ni sheria ya Ulaya, huku haitufungi, lakini swali ni lile lile. Rejista ya mwalimu ina ubaya gani?

Dada naomba usitaje chochote kunihusu. Niko kidato cha tatu bweni mkoa wa Lindi. Natumia dawa tangu nikiwa mdogo, nilimwambia matroni ili nipate ruhusa ya kliniki. Ukitoka getini kuna kitabu cha ruhusa unajaza jina, muda na sababu. Kwangu matroni anaandika CTC, yaani kliniki ya wenye VVU. Kitabu kinakaa mezani kwa mlinzi, kila anayetoka anafungua. Wameanza kunong'ona. Nafikiria nisiende kliniki mwezi huu.

Mdogo wangu, kliniki nenda. Hilo kwanza kabla ya yote, dawa usizikatishe hata siku moja kwa ajili ya kitabu cha getini, kitabu ndo kitabadilika.

Hujakosea kumwambia matroni, ulifanya kitu sahihi kabisa na ulimwamini. Aliyekosea ni utaratibu. Mlinzi anachohitaji kujua ni kwamba umeruhusiwa na utarudi saa ngapi, sababu ya kutoka haimsaidii kulinda geti. Hata neno hospitali linatosha na wala si lazima. Hali ya mtu kuhusu VVU inalindwa na sheria ya UKIMWI tangu 2008, aliyeijua kwa kazi yake haruhusiwi kuitoa kwa wengine bila ruhusa yako, na hii sheria ya taarifa binafsi imekuja kuongeza ulinzi juu ya hapo. Matroni inawezekana aliandika kwa mazoea tu bila kufikiri nani anasoma. Haimpi haki.

Mwambie matroni ukiwa naye peke yenu, kama unaona aibu mwandikie kikaratasi: naomba kwenye kitabu usiandike CTC, andika ruhusa ya matroni, na zile kurasa za nyuma zenye CTC naomba zitolewe getini. Kitabu cha zamani kifungwe kabatini ofisini, kianzishwe kipya kisicho na safu ya sababu kwa watoto wote, siyo wewe peke yako, maana ukiwa wewe tu usiye na sababu wataanza upya kukutazama. Ukishindwa kumwambia yeye, mhudumu wako wa kliniki anaweza kukusemea kwa mkuu wa shule bila kueleza mengi, wanalifanya hilo, muombe siku ya kliniki. Na kama wanaonong'ona wamefika mahali wanakutukana au umekosa wa kumwambia hapo shuleni, piga 116, ni simu ya huduma kwa mtoto, ni bure.

Matroni kama unasoma hapa, kitabu kitoe getini leo.